Kurasa Nne za Kufuta

Wening mwanangu,

Unga wa serabi, chapati zetu za mchele, umeshaumuka, uko kwenye ndoo ya bluu. Tui lisichemke sana.

Leo ukitoka chuoni, futa zile kurasa nne za duka mtandaoni, tubaki na moja. Picha moja kila Ijumaa inatosha, na ubao wa chaki mlangoni. Duka la majiko mawili, midomo mitano ya nini? Hatujui tena nani kasema nini.

Asubuhi hii jirani, Bu Darmi, kaja na mchele wa rambirambi. "Pole, dada. Nimeona tangazo lenu." Akanionyesha simu yake: picha ya serabi zetu, na chini yake, "Leo tumefunga. Tunamzika Mbah Kinah." Bibi yako!

Nilikulaumu wewe, nisamehe. Kumbe limeandikwa alfajiri, saa ulipokuwa ukikoroga unga mbele ya macho yangu, simu yako ikiwa chajini.

~~Futa tangazo hilo.~~ Liache kwanza. Usiliguse.

Nimepiga simu kijijini Wonogiri. Bibi yako kapokea mwenyewe, mzima, anatafuna muhogo! Nimelia kwa furaha. Halafu nikamsimulia habari ya tangazo, nikidhani atacheka.

Akaacha kutafuna. Kisha akasema taratibu, "Mmewahi kutangaza. Nilitaka kuwaambia mwenyewe jioni kwamba siku yangu imefika."

Napanda basi la kwanza nitakalopata kwenda kwake. Acha yote, funga duka, unifuate.

Mama