Siku Mama Alipokaa Ukumbi wa Kusomea

Nyumbani,
Ghorofa ya Pili, Mlango wa Kushoto,
Jumatatu, tarehe 10 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla ya lolote. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, hawajambo watoto? Kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Sisi tu wazima wa kuugua-ugua. Nyonga ya mama inamsumbua kila asubuhi, na mgongo wangu umeanza kufanana na cherehani ninayoiinamia kutwa. Tunashukuru.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliuliza kama mama aje kukaa kwenu, nami kila nikishika kalamu mkono ulikuwa mzito. Binti mkubwa akimtoa mama yake nyumbani, watu watasema nini? Basi nikanyamaza. Nikaendelea kumwogesha, kumvisha, kukimbilia kiwandani, kurudi kupika.

Juzi ndipo nilipopata jibu.

Unaikumbuka maktaba ya mtaa wetu, ile aliyoifagia mama miaka ishirini na sita. Inafungwa. Ukuta wa nyuma umepasuka, na kwa kuwa ni jengo la kale lisiloruhusiwa kubomolewa, watalitengeneza ufa kwa ufa, pengine miaka miwili. Mkutubi alipita kutuambia kwamba waliowahi kufanya kazi pale wanakaribishwa kuliaga. Mama akasema atakwenda. Jumamosi ndiyo siku yangu pekee ya kunyoosha miguu, lakini mama akisema, amesema.

Zile ngazi kumi na moja za mawe tulizipanda kama tunapanda mlima. Ndani hakujabadilika: madirisha marefu, meza zilizong'arishwa na viwiko vya watu, droo za kadi ambazo siku hizi hazifunguliwi na mtu. Mama akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama, akaguna. Mkutubi, mama wa makamo mwenye adabu zake, akaomba radhi kwa ajili ya vumbi.

Nikampeleka mama kwenye benchi la nyuma, karibu na bomba, walipozoea kukaa wafagizi. Akakataa. Aliniambia miaka yote ile hakuwahi kukalia kiti cha ukumbi wa kusomea, maana watu wa usafi walikatazwa. Akavuta kiti cha katikati kabisa, akaketi, akanyoosha mabega kama hakimu. Kisha akataka nimsomee gazeti.

Ukurasa wa kwanza niliusoma. Wa pili siukumbuki. Niliamka shavu likiwa juu ya gazeti, mtandio wa mama umenifunika mabega, na jua limehamia dirisha jingine. Nilikuwa nimelala saa mbili nzima, mdogo wangu, mbele za watu, mdomo wazi.

Mkutubi alinisimulia baadaye. Alikuja kuniamsha, kwa kuwa kulala ukumbini ni marufuku, na mama akamzuia kwa mkono.

"Mwache alale," alimwambia. "Meza hii nimeipangusa miaka ishirini na sita, sijaomba kitu. Leo naiomba kwa ajili ya mwanangu."

Tulirudi polepole. Nilimwomba mama radhi kwa kumwaibisha, naye akaendelea kutembea mpaka kona ya fundi viatu, aliposimama kuipumzisha nyonga.

"Barua ya mdogo wako niliiona chini ya godoro," akasema. "Mwandikie aje anichukue. Nimekutazama ukilala, nikamwona marehemu bibi yako mwaka wake wa mwisho. Sitaki uzeeke kabla yangu."

Nililia pale pale barabarani. Nililia kwa uchungu, na, wewe sikufichi, kwa nafuu pia. Fundi viatu akajifanya anatafuta msumari.

Basi njoo mwenyewe, usitume mtu. Akishuka ngazi, mguu mbovu ndio utangulie. Chai ikipoa hainywi. Na akikuambia haumwi popote, ujue anaumwa. Kaa karibu naye wala usimuulize tena.

Nisalimie wifi na watoto, na mjomba ukimwona. Mama anawabariki nyote. Mola akufungulie njia, akufikishe salama.

Akupendaye hata akiwa hoi,

Dada yako.