Hewa Inayowamba Ngoma

Kamachumu, 9 Novemba 2025

Mwanangu Brigitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, ila mimi masikio. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, na wifi yako Theresia anaipiga picha barua na kukutumia. Ukinipigia simu nasikia mtu anatafuna miwa tu. Sauti za watu zinanikimbia moja moja. Ngoma bado naisikia vizuri, lakini daktari anasema mwakani huenda na hiyo ikaniaga.

Dominic wa jirani yetu amemaliza likizo, anarudi huko kwenu Ulaya kwenye kazi yake ya uwanja wa ndege. Nimempa ngoma akuletee. Ni mti wa mringaringa, ngozi ya ng'ombe, na ni ya mwisho kuitengeneza. Mikono inatetemeka, patasi inaniogopa na mimi naiogopa. Kaka zako hawaitaki kazi hii. Mmoja ana bodaboda, mwingine ana siasa.

Najua unaikumbuka ile fimbo. Hata mimi naikumbuka. Tuyaache hayo kwanza.

Sheria ni moja: ngoma haipigwi ikiwa baridi. Iache iote moto mpaka ngozi ikauke na sauti ipande. Krismasi, kwenye misa yenu ya Kiswahili, weka simu karibu nayo, nami nitaweka yangu sikioni. Nataka kuisikia kabla masikio hayajafunga.

Msalimie mjukuu wangu Tereza.

Baba yako,
Deusdedit


Tensta, 7 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Sisi wazima. Tereza anakuamkia, kwa Kiswedi, usimkasirikie. Masikio yanaendeleaje?

Ngoma imefika. Dominic aliibeba mgongoni kutoka kituoni, imefungwa blanketi, watu wakampisha wakidhani ni mtoto. Nilipoifungua nikakaa chini. Baba, nina miaka arobaini na moja, lakini mkono ulikataa kuigusa. Nikatazama mlangoni nisije nikakuona. Nilikuwa na miaka tisa siku ile karakanani kwako. Nilipiga mara moja tu, ukanikimbiza na fimbo hadi kwenye migomba: "Mwanamke hagusi ngoma ya kanisa!" Leo umeniletea wewe mwenyewe. Nililia tu.

Na huku kuna jambo la ajabu, lazima nikusimulie. Theluji imefika magotini, maji matupu yamelala nje, lakini ndani ya nyumba hewa ni kavu kuliko kiangazi cha Dodoma! Hita ya ukutani inawaka mchana na usiku. Nguo naanika, nikigeuka zimekauka. Mkate ukiusahau mezani, kesho yake unaweza kumpigia mtu kama rungu. Nikimvua Tereza sweta, cheche zinaruka kwenye nywele, ta-ta-ta, na asubuhi anaamka na damu puani. Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, kutwa tunapakana mafuta midomoni.

Hata ngoma yako imeisikia hewa hiyo. Siku ya kwanza Tereza alipoigonga ilitoa sauti nzito, ya kifuani. Tangu hapo inapanda kidogo kila siku, wala hakuna aliyeigusa kamba. Nasimama mbele yake najiuliza, nani anaivuta?

Krismasi tutapiga, Baba. Kaa karibu na simu.

Binti yako,
Brigitha


Kamachumu, 28 Desemba 2025

Mwanangu Brigitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumekula sikukuu salama, natumaini na ninyi.

Nilivaa koti. Niliita majirani wanne, wakakaa, wakanywa chai, wakanywa na rubisi yetu ya ndizi. Simu niliishika mkononi kuanzia saa nne hadi saa tisa. Theresia anasema mtandao. Mimi si mtoto, mtandao gani wa siku nne?

Niambie.

Baba yako,
Deusdedit


Kamachumu, 18 Januari 2026

Brigitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Jana kengele ya kanisa imelia sikuisikia. Nimeona tu watu wanakwenda.

Kama huitaki ngoma, sema. Sitakasirika.

Baba yako


Tensta, 1 Februari 2026

Baba mpendwa,

Milele amina. Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa. Hatuumwi.

Nimeiharibu ngoma yako. Nimeandika barua hii mara sita nikiichana.

Jumatatu kabla ya Krismasi nilikumbuka sheria yako. Huku hakuna moto wa majani makavu ya migomba, nikaiegemeza kwenye hita, uso wake ukutani, nikasema ikae hapo iote mpaka misa. Asubuhi ya mkesha tunakunywa chai, tukasikia paa! Tereza alidhani dirisha limevunjika. Ngozi ilichanika ukingoni, na mti umepasuka kutoka mdomoni hadi katikati. Kidole changu kidogo kinaingia kwenye ufa.

Jirani yangu Pélagie, mama wa Bukavu anayeongoza kwaya, alikuja mbio. "Weye! Ulipika ngoma ya papa yako sawa vile mihogo?" Kisha akaona uso wangu, akanikumbatia. Misa tuliimba kwa makofi. Simu niliizima kwa sababu nilijua umeishika.

Kule kazini kuna bibi mmoja aliyekuwa mpiga piano. Nilipomweleza hakunicheka. Alinionyesha bakuli la maji chini ya piano yake, anasema analo tangu ujana. Baridi ya nje inakamua maji yote hewani. Hewa hiyo ikiingia ndani ikapashwa moto, inatafuta maji popote ilipo: midomoni, puani, kwenye mbao. Akaniazima kipimo cha unyevu. Kwangu kilisoma kumi na sita kwa mia. Yeye akasema piano yake ingelia.

Nisamehe, Baba. Kitu kimoja maishani umenikabidhi, na nimekipasua kwa kutii.

Binti yako,
Brigitha


Kamachumu, 8 Februari 2026

Mwanangu Brigitha,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Nimekuitikia, usinipangie.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaenda kukaa karakanani. Sasa nisikilize. Gogo la ngoma hukaa kivulini miaka miwili kabla ya kuchimbwa, hilo hata kaka zako wanalijua. Hili nililikata mwezi wa tatu, nikalichimba mwezi wa tisa. Nilikuwa nakimbizana na masikio yangu. Mti ulikuwa bado na maji ndani, hewa yenu imeyanywa. Kosa tumegawana, na fungu kubwa ni langu.

Tena ile sheria yangu haijui theluji. Nimewamba ngoma miaka hamsini katika nchi ya mvua na ukungu. Kumbe kuna nchi ambako ngoma haitaki kuota moto, inataka kunyweshwa! Mungu ana mambo. Nilicheka peke yangu mpaka Theresia akaja kuchungulia.

Usitie gundi. Mti uliopasuka kwa kiu hufunga kwa maji, lakini ya hewani, usiumwagie. Weka mabeseni, anika nguo mbichi humo ndani, tandika taulo zilizolowa juu ya hita. Ngoma ikae mbali nayo. Halafu subiri. Usiwe kama mimi.

Ufa ukifunga, toa ngozi uwambe nyingine. Ndiyo, wewe. Loweka ngozi siku mbili mpaka ilegee. Toboa ukingo, pitisha kamba, ukivuta kushoto vuta na kulia. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Huko kwenu hewa nayo ni mwamba ngoma, inavutia kwake. Kwa hiyo usitumie nguvu zako zote. Vuta nusu, nusu nyingine iachie hewa. Hilo hata mimi nimelijua leo.

Ndani utakuta jina langu. Ni desturi, fundi huandika jina kabla ya kufunga ngozi.

Pasaka ni tarehe tano Aprili. Sikio la kushoto limeshafunga. La kulia linakusubiri.

Baba yako,
Deusdedit


Tensta, 22 Machi 2026

Baba mpendwa,

Milele amina, na shikamoo. Sikio la kulia halijambo? Liambie lisiende popote.

Sijui nianzie wapi. Nyumba yangu imekuwa ziwa. Mabeseni manne, sufuria mbili, kanga mbichi zimetanda sebuleni mpaka tunatembea tumeinama. Tereza alichora mistari kwenye beseni kwa kalamu, na kila jioni anapima. Baba, nyumba inakunywa lita tano kwa siku! Hakuna mdomo, hakuna koo, maji yanaondoka tu. Pélagie amenionya kuhusu ukungu unaoota ukutani, kwa hiyo asubuhi nafuta madirisha na kuyafungua dakika chache. Kipimo kimepanda hadi arobaini na moja. Pua ya Tereza haijatoka damu tangu wiki ya pili.

Na ufa umefunga. Mwanzo sarafu ilipita. Baada ya siku kumi ikagoma, ikapita karatasi tu. Kisha Tereza akang'oa unywele wake kujaribu, na unywele nao ukakataa. Akaniangalia akasema, kwa Kiswahili, bila kuombwa: "Mama, imepona." Nilipiga magoti sebuleni, nikapitisha kiganja. Mti uliokatwa, uliochimbwa, uliovuka bahari, bado unajua kunywa. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Ngozi ya ndama nilipata kwa mfugaji mmoja karibu na Märsta, Dominic alinipeleka. Niliiloweka kwenye bafu. Tereza alihamia kwa Pélagie kuoga, amesema "harufu" kwa lugha zote mbili. Nimeiwamba Jumamosi nzima, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikavuta nusu. Mikono imechubuka na nina furaha.

Nililiona jina lako. Chini yake kuna mahali umepalainisha vizuri, hapana kitu. Nilidhani ulitaka kuandika mwaka ukasahau. Nilipapapasa, nikapaacha.

Pasaka, Baba. Saa tano ya huku, saa sita ya kwenu.

Binti yako,
Brigitha


Kamachumu, Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili 2026

Mwanangu Brigitha,

Bwana amefufuka, aleluya. Tumeamka salama.

Jana Theresia alizima redio na kufukuza kuku. Majirani ni walewale wanne, safari hii chai tu, maana rubisi nilisema baadaye. Niliibana simu kwenye sikio la kulia. Kwanza miwa, miwa tupu. Nikajua nimechelewa.

Kisha ngoma ikalia. Brigitha, niliisikia. Si kwa sikio tu, niliisikia na hapa kifuani. Niliwaambia nyamazeni, kumbe wamenyamaza siku nyingi. Mti nilioukata nyuma ya nyumba yangu unalia Ulaya, nami nimekaa kwenye kigoda changu naujua! Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Sasa kuhusu mahali pale. Hapakuwa pa mwaka. Nilipapiga randa makusudi. Nilijua ngozi ya ng'ombe hudumu miaka sita, saba, na siku utakapoifungua nitakuwa nimeshazikwa. Utaona nafasi chini ya jina langu, utaelewa, na mimi sitalazimika kukutazama usoni. Huo ulikuwa woga wa mzee. Hewa yenu imenikataza.

Siku ile ya fimbo ulipiga mara moja, na ulipiga vizuri. Nilisikia. Nilikukimbiza kwa sababu nilisikia. Unisamehe, mwanangu.

Ngoja kiangazi, hewa itulie. Dominic akija mwezi wa sita atarudi na patasi yangu ndogo. Ifungue ngoma tena, uandike jina lako pale, kwa herufi kubwa kama zangu, kisha uiwambe upya. Upande wa kushoto umevuta mno kidogo.

Baba yako na fundi mwenzio,
Deusdedit