Leseni Mbili, Sidii Moja

Jumanne, 3 Julai
Sidii ya thelathini na nane. Baridi, vidole vinauma. Saidi, mwenzangu wa kazi, anabandika lebo: programu ya kupokelea mahindi ghalani, bure, pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya ndani ya programu, na zana ya kuugeuza uwe programu. Wakulima wa Namanyere, tunakoipeleka, hawana intaneti. Lazima wapate kila kitu humo humo. Safari ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Jumatano, 4 Julai
Nimesoma leseni ya ile zana. Leo! Ilitakiwa niisome kabla sijaanza. Ruhusa kuitumia, marufuku kuigawa, hata kipande. Na sehemu ya programu inayosoma mizani, niliyochukua kwa mtu wa ng'ambo, ina leseni yake: ukigawa, toa na maelekezo yote ya kuunda. Maelekezo yangu nimeyanakili kutoka kwenye zana ile ile. Leseni moja inasema toa, nyingine inasema usitoe. Mjinga mimi.

Ijumaa, 6 Julai
Nimemweleza Saidi. Kompyuta ni za duka la baba yake hapa Majengo, kazi ni yetu wote.
"Agripina, Sumbawanga hii nani atajua?"
"Mimi."
Akatoka. Namchukia leo. Nimemwandikia mwenye zana, kuomba ruhusa.

Jumapili, 8 Julai
Sikwenda kanisani. Najifunza zana nyingine, huria, inayogawika bila kikwazo. Ngumu. Naandika maelekezo upya, mstari kwa mstari. Inakataa. Umeme ukakatika. Nimelia kidogo.

Jumanne, 10 Julai
Jibu limekuja. Hapana. Kwa adabu sana.
Nimevunja sidii zote arobaini. Saidi alisimama mlangoni akitazama. Baadaye akaleta boksi la sidii tupu, akaliweka mezani, akakaa kunisaidia.

Alhamisi, 12 Julai
Zana mpya imekubali, programu imeundika. Sisikii furaha. Nataka kulala tu.

Jumapili, 15 Julai
Jana Namanyere. Vumbi njia nzima. Mama Fausta, katibu wa chama cha wakulima, alinipokea ofisini. Shikamoo, marahaba, chai. Nikakaa kwenye kompyuta ya chama, nikamwonyesha mara moja tu. Akaniomba nisimame, akakaa yeye. Akafungua msimbo, akafuta neno langu la kukaribisha, akaandika la Kifipa. Akafuata maelekezo kwa kidole, akaunda programu upya. Ikafunguka na neno lake juu.
"Kumbe naruhusiwa kuibadilisha?"
"Ndiyo, mama."
Hakunirudishia kiti. Nikakaa kwenye gunia, nikanywa chai.