Siku Uliyojifanya Huna Akili

Dada yangu Tusekile,

Tangu tukuzike, nyumba hii ya Tunduma imebaki na sauti za malori tu. Yanaunguruma kutwa kuelekea mpakani, na mimi nakaa sebuleni nikiyasikiliza. Wanangu hupiga simu Jumapili kuuliza kama nimekula. Nawajibu kwa Kiswahili. Kilambya chetu sina tena wa kuzungumza naye.

Juzi mjukuu aliniuliza kwa nini sisi hatuna kijiji cha kwenda Krismasi kama wenzake. Nikamwambia tulitoka nchi jirani, ng'ambo ya mto Songwe, enzi ambazo kule huingii hata sokoni bila kadi ya chama. Halafu nikamsimulia habari zako.

Unakumbuka vijana wa chama walivyokuja kumtafuta baba? Alikuwa amesema msibani kwamba hata mtawala atakufa kama watu wengine, na maneno yakawafikia wakubwa. Alijificha ndani ya ghala la mahindi. Wewe, na miguu yako iliyopooza tangu utotoni, ukajikokota ukakaa mlangoni pa ghala. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, nachungulia.

"Baba yako yuko wapi?" wakakuuliza.

Ukawachekea tu, ukaacha mate yachuruzike hadi kidevuni. Wewe, uliyenifundisha kusoma!

"Achana naye," mmoja akasema. "Kiwete, na akili hana."

Walipekua nyumba nzima, lakini hakuna aliyetaka kukugusa ili akuondoe pale mlangoni.

Walipoondoka uliomba maji ukanawa uso. Nilidhani utalia. Ukaniambia, "Hao waache waamini hivyo. Wewe usije ukaniona hivyo hata siku moja."

Jioni ile tulivuka mto, baba amekubeba mgongoni, maji yakimfika kiunoni. Huku Ileje mama akatukanya tusimtajie mtu kijiji chetu. Hata utawala ule ulipoanguka, baba aliendelea kushusha sauti kila akitaja ng'ambo, hadi anakufa. Redio ikisoma habari za kule, mimi na wewe tulitazamana tu, tukaelewana.

"Tutakwenda mvua zikikatika," ulikuwa ukisema. Zikakatika, zikanyesha tena, tukazeeka.

Wiki iliyopita nikaenda peke yangu. Pale mpakani Isongole nilimkuta afisa, binti mwenye uso mpole.

"Shikamoo, mama. Unakwenda kumtembelea nani?"

Hakukuwa na ukali wowote kwenye swali lake, dada. Nikafungua mdomo nimpe jina. Kichwani nikamtafuta shangazi, nikawatafuta majirani, nikawatafuta wale tuliocheza nao mtoni. Wote wameshakufa au wamehama. Binti akarudia swali taratibu, akidhani sikumsikia.

Nilimwambia nimesahau kitu nyumbani, nikageuka.

Pumzika, dada. Huku nimebaki mwenyewe.

Mdogo wako