Samli ya Kabatini

Baba Ayebare,

Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Mwambie Ayebare abandike. Maharage yameiva. Kahawa iko kwenye turubai, wingu likitanda muianue upesi, usije ukasema hukuambiwa.

Naenda kliniki ya presha, kwa miguu. ~~Nikichelewa njoo na pikipiki.~~ Usinifuate.

Asubuhi Mzee Lameck alipokuja kwa habari za kwaya, nilinyoosha mkono nichukue karanga, ukaivuta sahani mbele yake. "Huyu kwa chakula hana breki, ndiyo maana kabati nimelitia kufuli." Mzee alicheka kidogo kwa adabu. Mimi nikamwongezea chai.

Nilipoletwa hapa bibi arusi, marehemu mama yako aliniweka ndani, maziwa na samli kila siku, ninawiri ili watu wajue kwenu kuna neema. Nikisema nimeshiba, ananiambia, "Kunywa mwanangu, usituaibishe." Nikanywa. Leo mwili uleule ndio aibu. Daktari simbishii, kupungua nitapungua, maana magoti ni yangu na yanauma.

Samli ya kutia kwenye ndizi utaitoa mwenyewe. Ukiupoteza ufunguo kama juzi, usivunje kufuli. Ilikuja na funguo mbili, na huo wa pili ninao tangu siku ile uliyofunga. Uko chini ya karatasi hii. Ukiwa mgumu kuzunguka, upake mafuta kidogo, kwa sababu haujawahi kutumika.

Mama Ayebare, asiye na breki.