Nimerudi Nyumbani Nikakuta Kaburi Langu Limechimbwa

Mpendwa Mama Dorah, naomba msaada wako upesi kabla watu wa boma hili hawajazika shina la mgomba kwa jina langu. Mimi ni mke wa Joash, nimeolewa hapa karibu na Kosele, kwetu ni upande wa Migori, na mwaka huu niliugua kifua hadi nikabaki mifupa, nikapelekwa hospitali, na kwa vile wagonjwa walikuwa wengi tulilala wawili kitanda kimoja, mimi na mama mmoja Mkisii aitwaye Bosibori, kichwa chake kwenye miguu yangu. Hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu lakini kila jioni alikuwa ananiombea, na uji ukimshinda ananisukumia kikombe, ananiambia, "Kunywa, mama. Wewe utaingia kwako na miguu yako." Mimi nilikuwa nimekata tamaa kabisa, Mama Dorah, lakini nilikunywa ule uji kwa kumheshimu, na pole pole nikaanza kusimama. Sasa asubuhi moja Bosibori akafariki, wakamfunika shuka, mimi nikatoka nje kuota jua na kulia, ndipo shemeji yangu Obare akaja kuniangalia, akaona kitanda changu na mtu amefunikwa uso, hakufunua, hakuuliza nesi, akarudi mbio nyumbani kutangaza kwamba nimekwisha.

Basi wakalia, wakachimba kaburi, na Joash akaja na pikapu na jeneza kunichukua, akapita wodi kwanza kuchukua nguo zangu, akanikuta nimeketi nakunywa uji. Aliketi sakafuni akanishika mguu. Ndugu za Bosibori hawakuwa na jeneza, nikamwomba awaachie lile langu, akakubali, na kwa kuwa daktari alikuwa ameshasema ninaweza kumalizia dawa nyumbani, tukaondoka pamoja, mimi mbele kando ya dereva. Wanawake walipoona pikapu inaingia wakaanza kulia upya na kukimbilia nyuma, wakakuta hakuna jeneza, nami nikafungua mlango wa mbele nikawasalimu. Wengine walikimbia hadi kwenye mahindi. Jioni hiyo nilikula maharagwe ya matanga yangu mwenyewe, na yalikuwa matamu.

Shida ni shimo. Mama mkwe, ambaye alizika wanawe wawili mwaka jana, anasema kwa mila kaburi likichimbwa halifukiwi tupu, lazima lizikwe shina la mgomba mahali pa mtu. Ananiita binti wa Migori kwa Kijaluo, ananiambia, "Nyar Migori, hilo shimo limefungua mdomo. Tukiliacha, litakula nani?" Naye mzee wetu wa kanisa la Wasabato, Nicanor, amesema atakayeushika huo mgomba atatengwa. Joash yuko katikati, hali wala halali. Watu wakinisalimia wananiangalia kama mtu aliyeahirishwa tu. Mimi kwa hasira nilimwita mama mkwe mpagani mbele ya watu, na tangu hapo hatusemezani. Jumapili wanakata mgomba, na nikikubali nitakuwa nimemkana Mungu aliyeniinua, nikikataa na mtu akifa hapa watasema ni mimi nimemuua. Nifanye nini? Ni mimi, Milka.

Mama Dorah anajibu:

Milka mwanangu, barua yako nimeisoma nikicheka huku nafuta machozi, na nimewasomea watu wa nyumbani kwangu mara mbili. Kweli Mungu si Athumani. Shemeji yako Obare mwambie kwamba shuka hufunuliwa. Haraka yake nusura izike mtu mwenye kikombe cha uji mkononi.

Lakini wewe nawe una makosa. Mama aliyezika wana wawili katika mwaka mmoja unamwita mpagani? Ile ni hofu, na hofu ya mama haitibiwi kwa matusi. Tena fikiri vizuri: kama angetaka ufe, angehangaika hivi kulidanganya kaburi? Anakupenda, na hajui njia nyingine ya kukuficha.

Na wewe unaogopa nini? Habari njema yetu ilianza na kaburi tupu. Wale wanawake walikwenda na manukato, wakakuta hakuna wa kupakwa, na hakuna hata mmoja aliyekimbia kutafuta mgomba wa kulijaza. Walikimbia kutangaza. La kwako pia li tupu, Milka, na badala ya kuimba unaniuliza nani atakasirika.

Hata hivyo shimo haliachwi wazi, ng'ombe ataanguka. Kabla ya Jumapili piga magoti umwombe mama mkwe radhi, mbele ya wale wale waliosikia ukimtukana. Kisha mwambie kwamba mgomba utaingia shimoni, ila si shina lililokatwa. Ung'olewe mche wenye mizizi kutoka shambani kwake, na auchague yeye mwenyewe. Obare alisababisha kaburi lichimbwe kabla ya kuuliza, kwa hiyo yeye ndiye atakayerudisha udongo na samadi hadi karibu na juu. Mche mtaupanda wewe na mama mkwe, mkiushika pamoja. Joash achote maji, apate la kufanya. Mzee Nicanor mwite aje aombe, lakini aje na jembe. Mimi sijaona andiko linalokataza kupanda ndizi.

Dawa zako zimeze zote hadi daktari aseme basi, hata ukinenepa na kujiona mzima. Imani haikumezei vidonge. Bosibori hakukuachia uji wake ili uje kuacha dawa katikati. Na hao wanaokuangalia kama umeahirishwa, waache waangalie. Sote tumeahirishwa, ni vile tu wewe umeonyeshwa shimo lako ukalipita.

Mkungu wa kwanza ukikomaa, chane la kwanza wapelekee watu wa Bosibori, la pili ni la mama mkwe. Na mtu akija hapo kuuliza kaburi la Milka liko wapi, mpe kiti, mpe ndizi mbivu, umwambie analila.