Chetezo cha Ayeeyo Kiko Ndani ya Tangi la Samaki

Jumatano, mwezi wa pili. Joto, vumbi, na stima imepotea tangu saa nne.

Mimi ndiye niliyechukua chetezo cha Ayeeyo, bibi yangu.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara tatu. Hakuna mtu anayejua, si Mama, si rafiki yangu hata mmoja. Naiandika hapa kwenye blogu yangu kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani tunaongea Kisomali, na Kiswahili hakuna anayekisoma kwa hiari yake akishatoka ofisini au sokoni. Hapa ndipo pahali pangu pa kujificha.

Yote yalianza na samaki.

Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wetu wa biolojia alihamishwa, akaniachia samaki wake wawili wa maabara, dume na jike. Ni sikilidi wa aina ndogo, jamaa wa tilapia, ila hawafiki hata urefu wa kidole changu. Jike ana tumbo jekundu kama amepakwa hina. Mwalimu aliniambia jambo moja tu: maji kwanza, samaki baadaye.

Maji kwanza! Ni rahisi kusema kama huishi Garissa.

Tangi lilitengenezwa na fundi wa madirisha, ambaye amezoea vioo vya kuzuia vumbi lisiingie, si vya kuzuia maji yasitoke. Siku ya kwanza yote yalimwagika kwenye zulia la Mama. Fundi akaziba upya. Nikajaza tena kutoka kwenye pipa, maji meupe mazuri, nikafurahi, kumbe Mama alikuwa ameshayatia shabu ili matope yatulie chini, kama anavyofanya kila wiki. Nikayamwaga. Maji ya tatu yalikaa wiki mbili ndani ya tangi yakizoea, na samaki wakakaa wiki mbili kwenye ndoo wakininunia. Halafu joto. Halafu stima. Stima ikipotea mimi ndiye pampu: nachota kwa kikombe, namimina kutoka juu, nachota, namimina, mpaka mkono unakufa ganzi.

Na kila mgeni lazima aulize, "Hawa mnawala lini?"

Ayeeyo ndiye aliyenichosha kuliko wote. "Ngamia tunamkama, mbuzi tunamchinja, punda anabeba maji. Hawa wanafanya nini?" Nikamwambia wanaogelea. Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini tatizo lenyewe lilikuwa uunsi, ubani wetu wa kufukiza nyumba. Kila siku baada ya alasiri Ayeeyo huweka makaa kwenye chetezo chake cha udongo, ambacho sisi tunakiita dabqaad, anatia uunsi, na sebule yote inajaa moshi mtamu. Sebuleni ndiko liliko tangi. Pampu ya hewa haichagui, inavuta moshi na kuusukuma majini. Samaki wangu walipanda juu, midomo wazi, wakihema.

Nilichotakiwa kusema ni hiki: Ayeeyo, naomba uchomee nje. Maneno manne.

Sikuweza. Mimi ndiye msichana ambaye darasani jina likiitwa nilikuwa nainua mkono badala ya kuitika. Nitaanzia wapi kumwambia Ayeeyo aondoe harufu ya nyumba yake? Chetezo hicho alipewa na mama yake alipoolewa. Alipohama Hulugho kuja kuishi kwetu alikibeba mapajani njia nzima, amekifunga kwenye nguo kama mtoto.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita, akiwa anaswali, nilikichukua.

Nilikificha kwenye sanduku langu la nguo. Baada ya saa moja sanduku, nguo na mimi mwenyewe tulinukia kama harusi. Hakuna pahali humu ndani pa kuficha kitu chenye harufu ile, isipokuwa chini ya maji. Nikakichemsha mara tatu, nikakilaza katikati ya mawe ndani ya tangi. Macho ya Ayeeyo yana ukungu. Mama halitazami tangi kabisa, anasema linamkumbusha zulia lake.

Nilipanga kukirudisha baada ya siku chache. Badala yake jike akaingia kwenye kidirisha cha chini cha chetezo na kutaga.

Jana niliyaona mayai kwa tochi ya simu, madogo kama ufuta, yamebandikwa kwenye dari ya ndani. Jike amesimama mlangoni, hatoki hata kula. Nikikitoa sasa, mayai yanakufa. Yanahitaji siku tatu kuanguliwa, kisha siku nyingine tano au sita kabla watoto hawajaweza kuogelea.

Kungekuwa na mimi tu na Ayeeyo, ningesubiri. Lakini wiki iliyopita Habaryar, mdogo wake Mama, alikuwa hapa, akaondoka Ijumaa asubuhi kurudi Wajir. Na kwa miaka mingi Habaryar amekuwa akimtania Ayeeyo, "Ukifa, dabqaad ni yangu."

Leo asubuhi Ayeeyo alimpigia simu, sauti ya nje, nyumba nzima tukisikia.

"Umekichukua?"

"Wallahi, Hooyo, mama yangu! Mimi nikuibie? Njoo Wajir na askari, mpekue nyumba!"

"Ulisema ni chako."

"Nilisema ukifa! Umekufa?"

Mama akaingilia kwa upole. "Labda umekiweka pahali, Hooyo. Siku hizi unasahau."

"Mimi nasahau? Niulize ngamia wa baba yako!" Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kila mmoja na mama yake, mpaka Mama akainua mikono juu.

Habaryar alikuwa analia sasa. Akasema hakanyagi hapa tena mpaka kipatikane, akakata.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, mgongo nimewapa, namimina maji kwa kikombe.

Sijui nifanye nini. Naacha hapa kwanza.

*

Nimerudi. Alasiri imepita.

Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Ayeeyo alikuwa kwenye mkeka wake, ameweka kopo la uunsi mapajani, hana pa kuuchomea. Nikakaa mbele yake. Akanisubiri. Hiyo ndiyo tabia yake ninayoipenda, hajawahi kunimalizia sentensi.

Nikasema, "Kiko kwenye maji."

Akainuka, akaenda kuegemeza paji la uso kwenye kioo. Nikamulika.

"Huyo mwekundu ndiye mama?"

"Ndiyo."

"Amekula?"

"Hajala tangu jana."

"Na baba watoto?"

"Anazunguka tu huko nje."

"Kama kawaida," akasema.

Halafu akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia, ayeeyo?" Kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye, na leo nilitamani asiniite hivyo. "Ningechomea nje."

Siku sita za kuficha, kuchemsha na kutolala vizuri, kumbe jibu lilikuwa maneno mawili.

Akaomba simu. Nilijua anataka kunisema kwa Habaryar, na nilistahili. Lakini alisema hivi: "Nimekipata. Kilikuwa chini ya kitanda changu. Nilisahau." Huko Wajir Habaryar akapiga kelele na kucheka na kulia kwa pamoja. "Nilikwambia! Si nilikwambia?" Ayeeyo akasema ndiyo, ulisema, nisamehe, uzee huu. Na kwamba amekifungia sandukuni asikipoteze tena.

Akanirudishia simu. "Wakishaogelea, utanipa. Mama yako akijua leo, hawa wanamwagwa leo."

Nilidhani nitasikia nafuu.

Mama amerudi, Habaryar alishampigia njiani. Sasa anaongea na Ayeeyo polepole, kwa sauti ya juu, kama mtu anavyoongea na mtoto. Amemuuliza mara mbili kama amekunywa dawa. Mwanamke aliyewataja ngamia wote asubuhi anaangalia kikombe chake cha chai na kujibu, "Sikumbuki vizuri." Kisha akatoka na kifuniko cha kopo la maziwa, akachomea uunsi wake uani, juani.

Jike bado yuko mlangoni.

Watoto wake wakishaogelea nitakitoa chetezo, nitakikausha, nitampa Ayeeyo mkononi. Halafu nitampigia Habaryar, sauti ya nje, Mama akiwepo. Nimeanza kufanya mazoezi mbele ya tangi. Ni maneno mawili tu: Ayeeyo hakusahau.

Mpaka siku hiyo, wewe uliyesoma hapa, tafadhali usimwambie mtu. Hasa wewe, Hodan wa Wajir, binti wa Habaryar, kama umefika mpaka mwisho. Mama yako asisikie kutoka kwako. Niachie mimi nimwambie.